Rangi Iliyobanduka na Swali la Fundi Mbuthia

Jumamosi, katikati ya Julai. Wingu zito, na jua halijaonekana tangu asubuhi.

Nimevaa sweta mbili na soksi za marehemu baba, na bado vidole vinakataa kuandika. Nisisingizie baridi peke yake. Leo sina mtu wa kumshambulia isipokuwa mimi mwenyewe, na kazi hiyo sijaizoea.

Wanaonisoma hapa wananijua. Nimegombana na madiwani, na wachungaji, na wahariri, na mwalimu mkuu wangu wa zamani, na wanaume wawili walioniambia kuwa mwanamke wa miaka hamsini na tatu hana haja ya kujua kilicho chini ya boneti. Katika ugomvi huo wote sikumbuki kurudi nyuma hata hatua moja. Nilidhani huo ndio msimamo.

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa makala niliyoiita "Rangi ya Siku Nane". Ilisomwa kuliko chochote nilichowahi kuandika. Nilisema fundi mmoja wa Dagoretti Corner alinipakia rangi injini ya gari langu, na rangi ikabanduka baada ya siku nane. Jina sikulitaja. Nilitaja kontena ya bluu, mkaratusi ulioinama juu yake, na kofia ya sufu ambayo mwenyewe haivui hata Februari. Kwa watu wa Dagoretti Corner hiyo ni sawa na kutaja jina, jina la baba, na nambari ya kitambulisho.

Fundi huyo anaitwa Mbuthia. Amelitunza gari hili tangu likiwa la baba yangu.

Kwanza nieleze habari ya rangi, maana bila hiyo kosa langu halitaeleweka. Na kwa wale wanaodai kila mwaka kwamba Kiswahili hakiwezi kuzungumzia injini, kaeni chini msome.

Gari ni stesheni wagoni lenye umri mkubwa kuliko polisi wengi wanaolisimamisha barabarani. Baba aliniachia pamoja na kanuni moja: injini ipakwe rangi nyepesi na iwe safi, ili oili ikivuja uione siku hiyohiyo. Katika mji huu wako wauzaji wanaofanya kinyume. Wanapiga injini rangi asubuhi, jioni wanaliuza gari, na mnunuzi anagundua uvujaji akiwa amekwama Naivasha na watoto nyuma. Nimewaandika watu hao mara tatu na nitawaandika tena. Ninapopaka injini yangu, napaka ili nione.

Injini haipakwi rangi moja kama ukuta. Bloku, yaani mwili wenyewe wa injini, haina joto la kutisha, kwa hiyo enameli ya injini inatosha, mradi iwe ya kustahimili oili. Kava ya tapeti, ule mfuniko wa juu, kwangu ni ya alumini, na alumini ina kiburi: rangi haiishiki mpaka utangulize praima yake maalumu. Rejeta, inayopoza maji ya injini, hupewa mkono mmoja mwembamba wa rangi nyeusi, maana ukiipaka nene umeivisha koti na itashindwa kupoa. Mahali gasketi, ile karatasi ya kuziba viungo, inapokaa hapapakwi. Mahali waya wa ardhi unapofungwa hapapakwi. Mipira na mikanda haipakwi, hata kama shemeji yako anasema itapendeza.

Halafu kuna manifoldi.

Manifoldi ni kile chuma chenye vidole vinne kinachopokea moshi wa moto kutoka ndani ya injini na kuupeleka kwenye ekzosi, bomba la moshi. Ukipanda mlima na mzigo, chuma hicho kinaweza kuiva mpaka kikawa chekundu. Enameli ya bloku ikipakwa hapo huungua na kutoa moshi siku ya kwanza. Praima ya kawaida nayo huungua chini ya rangi na kuisukuma nje. Manifoldi hutaka rangi ya joto kali, ile iliyoandikwa kwenye mkebe kwamba inavumilia zaidi ya digrii mia sita, na hupuliziwa juu ya chuma kitupu. Baada ya hapo ni lazima uiivishe polepole. Unawasha injini dakika kumi, unaizima mpaka ipoe, unawasha dakika ishirini, unaiacha tena, kisha nusu saa. Mwenye haraka asiipake.

Mafundi wengi hawahangaiki na hayo yote. Watakupiga silva, ileile ya geti na tangi la maji, na utalipeleka gari nyumbani likimeremeta. Katika makala yangu nilidokeza kwamba Mbuthia ni mmoja wao.

Mbuthia hajawahi kunipaka silva. Ni yeye aliyenituma Kirinyaga Road kununua mkebe wa rangi ya joto kali, akaniandikia kwenye kipande cha boksi nisikosee. "Soma digrii, Madam, usisome picha," aliniambia. Kipande hicho cha boksi bado kiko kwenye mkoba wangu. Kilikuwamo siku niliyoandika ile makala.

Sikukitaja.

Sasa, asubuhi yenyewe ya kupaka. Mbuthia alikuwa ameifungua manifoldi, ameikwangua kwa brashi ya waya, akaipiga msasa, akaiosha mara mbili kwa thina, dawa ya kuondoa mafuta, na kuining'iniza kwa waya kwenye mlango wa kontena ikauke. Alifanya kazi ile kama mtu anayeogesha mtoto wa wenyewe. Kisha akaenda kunywa chai kibandani, nami nikabaki.

Niliitazama manifoldi ile, na nitasema ukweli, sikuipenda. Ilikuwa ya kijivu, kavu, imepauka.

Mtu aliyelelewa nyumba kama yetu anajua ninachosema. Mama yangu hakumruhusu mtoto kutoka nje na miguu iliyopauka. Ulikuwa unaweza kwenda shule bila kitabu, lakini si bila mafuta. Jirani akikuona na magoti meupe, aibu haikuwa yako, ilikuwa ya mama. Na mama huyohuyo alikuwa na chupa ya mafuta taa nyuma ya mlango wa jikoni, yenye kitambaa kimefungwa shingoni. Kwa chupa ile alipangusa sakafu ya simiti, baiskeli, jembe, miguu ya vitanda, mashine ya kushona. Kila chuma chake kiling'aa. Alipokufa tuligawana vyombo, na mimi nilichukua ile mashine ya kushona. Bado ninaipangusa kwa mafuta taa kila Jumapili. Sijawahi kujiuliza kwa nini.

Pale kwenye kontena kulikuwa na chupa ya soda yenye mafuta taa, ambayo mafundi hunawia mikono yenye grisi. Nikachukua kitambaa, nikakilowesha, nikaipangusa manifoldi kidole kwa kidole. Ikang'aa. Nikaona nimesaidia.

Mafuta taa yakikauka yanaacha utando wa mafuta ambao jicho halioni. Rangi huvumilia moto, na huvumilia maji. Kulala juu ya mafuta ikakaa, haiwezi.

Hilo sikulijua, na kutojua si dhambi. Linalonisumbua ni linalofuata.

Mbuthia alirudi akiwa bado anajipangusa mdomo. Akasimama mbele ya ile manifoldi, akainamisha kichwa upande mmoja.

"Madam, hujaishika hii kitu?"

"Nimeiangalia tu," nikasema.

Sikufikiri hata kidogo. Jibu lilitoka lenyewe, kama la mtoto aliyekutwa karibu na sukari. Huenda niliona aibu kwamba mwanamke mzima aliyesoma vitabu vyote vile amekutwa akipangusa chuma cha watu. Huenda nilitaka tu kazi iendelee. Mbuthia alinitazama kidogo, akatikisa mkebe, akaanza kupulizia. Aliniamini kwa sababu miaka yote hii hakuwahi kuwa na sababu ya kutoniamini.

Siku ya nane nilifungua boneti nikakuta manifoldi imechunika kama kiazi cha kuchemsha. Na hapa ndipo ninapojishangaa: sikuikumbuka chupa ya soda. Nilikuwa nimeifuta kabisa kichwani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, nikiwa nimejaa haki.

Mbuthia alinipigia simu siku iliyofuata. Sikupokea. Nilidhani anataka kunitisha, na nikafurahi kwamba makala imemfikia.

Kisha mwanamke mmoja wa Spring Valley, Mama Neema, ambaye ana vani tatu za kupeleka vyakula kwenye harusi na mikutano, aliandika chini ya makala: "Asante Madam. Vani zangu zote zilikuwa kwa huyo mtu. Leo nimezitoa." Niliisoma mara mbili, nikamshukuru. Nilimshukuru! Vani tatu, kila mwezi, mwaka mzima. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ikimwezesha Mbuthia kuwaweka mafundi wawili chini yake. Hilo nimelijua leo.

Juzi Alhamisi niliteremka mjini kutafuta sehemu ya pili ya vita. Nilikuwa nimeamua kwamba kama si fundi peke yake, basi na mwenye duka ameniuzia rangi bandia. Nilifunga magamba ya rangi kwenye karatasi, nikaenda nayo hadi Kirinyaga Road kwa Bwana Mahesh, mwenye lile duka jembamba ambalo babu yake alilifungua. Nilianza kuzungumza kabla sijafika kaunta. Wateja walinipisha.

Bwana Mahesh alinisikiliza mpaka nikachoka. Kisha akavaa miwani, akachukua gamba moja, akaligeuza upande wa nyuma.

"Madam, ona hapa. Rangi ikikosana na chuma, inatoka na vumbi ya chuma, inatoka na kutu. Hii imetoka safi kama ganda la yai. Hii haikuwahi kushika."

"Ndiyo nasema ni bandia."

"Ingekuwa bandia ingeungua. Imeungua? Haijaungua. Nani aliosha chuma?"

"Fundi. Kwa thina."

"Na baada ya thina?"

Nikaanza kuyafunga tena magamba yangu kwenye karatasi.

"Madam, baada ya thina, mtu alipitisha nini?"

"Nilipangusa kidogo tu," nikasema. "Mafuta taa."

Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri nati zake alicheka hadi akakohoa. Bwana Mahesh hakucheka. Alivua miwani na kuniambia, kwa upole uliouma kuliko kicheko, kwamba mama yake pia alikuwa akipangusa kila kitu kwa mafuta taa, hata redio.

Mtu mwenye akili angekubali hapohapo. Mimi nilimwambia hiyo ni nadharia tu. Nikanunua mkebe wa pili, nikarudi nyumbani Riruta kumthibitishia kwamba amekosea.

Nilichukua panga langu la zamani. Nikalikwangua bapa lake lote, nikalipiga msasa, nikaliosha kwa thina. Kisha nusu ya upande wa ncha nikaipangusa kwa mafuta taa, nusu ya upande wa mpini nikaiacha. Nikapulizia mikono mitatu myembamba, sawasawa pande zote, nikaliacha hadi jana mchana. Ukilitazama hungejua nusu ipi ni ipi. Hilo ndilo lililonipa matumaini.

Jana nililishika juu ya jiko la gesi, moto mdogo, nikiliondoa na kulirudisha kama tunavyoivisha manifoldi. Upande wa mpini ulitoa moshi kidogo, ukanuka, ukatulia. Upande wa ncha ulianza kutoa malengelenge, kisha ukakunjamana kama utando wa maziwa, kisha ukainuka. Niliugusa kwa kucha ukatoka kipande kizima, nyuma yake safi kama ganda la yai.

Mstari kati ya pande mbili ulikuwa umenyooka. Kitambaa changu kilipoishia, ndipo rangi ilipoanza kushika.

Nililizima jiko nikakaa kwenye kiti cha jikoni. Nikakumbuka kila kitu, hata rangi ya kile kitambaa. Nikakumbuka na swali, na jibu langu.

Nataka niwe mkweli hapa. Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kuandika mstari mmoja chini kabisa ya makala ya zamani, kwa herufi ndogo: "Marekebisho: imebainika kwamba huenda chuma hakikuandaliwa ipasavyo." Niliuandika kabisa. Ni mstari wa kiserikali. Hauna mtu ndani yake. Nimewararua viongozi wangapi kwa sababu ya sentensi za namna hiyo, zile ambamo makosa hutokea yenyewe kama mvua? Niliufuta.

Leo asubuhi nililipeleka gari Dagoretti Corner, na panga nimelifunga kwa gazeti.

Ua ule ulikuwa na nafasi nisiyoizoea. Mahali zinapokaa vani kulikuwa na kuku. Otieno, anayenyoosha bodi upande wa pili wa ua, ndiye aliyeniona kwanza, akatupa nyundo chini.

"Ngai! Madam wa gazeti! Watu wangu, chaneni nywele, leo tunaandikwa!" Alisogea karibu. "Madam, mimi ukiniandika useme niko na meno yote. Wife ako Siaya, anasoma."

Watu wawili waliokuwa wakisubiri kazi zao waligeuka. Nilikuwa nimetumaini nitamkuta Mbuthia peke yake. Nilimkuta chini ya pikapu, na kilichoonekana ni viatu tu.

Kwa hiyo niliviomba viatu msamaha.

"Fundi, ni mimi. Nimekuja kusema nilikukosea. Rangi haikuwa na shida. Wewe hukuwa na shida. Niliipangusa ile manifoldi kwa mafuta taa ulipoenda chai."

Viatu havikusogea. Halafu mkono ukatoka.

"Nipe spana kumi na nne."

Nikatafuta kwenye sanduku, nikampa.

"Hii ni kumi na tatu."

"Hata kusoma spana hajui," Otieno akasema, "na vile anatusomaga."

Nikampa kumi na nne. Tulisikia nati ikilia mara tatu, kisha Mbuthia akajisukuma nje, akakaa chini palepale, kofia yake kichwani. Hakuonekana na hasira. Alionekana amechoka, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulitazama.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukasema nini?"

"Nilisema nimeiangalia tu."

"Sema na sauti. Otieno hajasikia."

"Nilisema nimeiangalia tu! Nilikuwa nimeishika."

Otieno, ambaye kwa kawaida ana neno la kila jambo, aliinama akaokota nyundo yake.

Nilimfungulia Mbuthia lile panga. Alilishika kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba mahali rangi ilipoishia. Kwa mara ya kwanza nikaona kitu usoni mwake kinachokaribia kufurahi.

"Hii umefanya wewe?"

"Mimi."

"Umepuliza poa. Sare sare." Akaligeuza upande wa pili. "Hii naiweka hapa. Mtu akija na mafuta taa nitamwonyesha."

Kisha akaniambia mambo aliyokuwa akitaka kuniambia siku ile nilipokataa kupokea simu. Makala yangu alisomewa na binti yake, Shiru, jioni, mkewe akiwa hapo. Shiru alipofika kwenye habari ya kofia ya sufu, alisita, kisha akaendelea kusoma. Mbuthia alisema lililomuuma halikuwa kuitwa fundi mbaya. Fundi yeyote huitwa fundi mbaya mara moja kwa wiki. Lililomuuma ni kwamba binti yake alimuuliza, "Baba, ulimpaka silva?" Aliuliza kweli. Alitaka kujua.

Nilimwambia nitaandika kusahihisha. Alitikisa kichwa.

"Madam, wewe uliandika kontena ya bluu. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na mti."

"Na mti."

"Na kofia. Sasa ukiandika 'fundi fulani wa mahali fulani', nani atajua ni mimi? Uliponiharibia ulinionyesha na kidole. Andika kontena ya bluu tena. Andika mti. Andika Mbuthia, jina langu lote nimekupa ruhusa. Na uandike vile niliuliza, na vile ulijibu. Hiyo usiruke."

"Sitairuka."

"Na huyo mama wa vani, umpigie. Hapa. Nikisikia."

Nilimpigia Mama Neema nikiwa nimesimama katikati ya ua, simu nimeiweka kwenye spika, kuku wakipita. Nilimweleza yote.

"Madam," akasema, "mimi sikuwahi kuona shida na kazi ya Mbuthia. Hata siku moja. Nilitoa vani kwa sababu ni wewe uliyesema."

"Najua."

"Nilikuamini wewe. Hiyo ndiyo inaniuma." Akashusha pumzi. "Vani mbili nimeshazilipia kule zilipo, kazi ishaanza. Ile moja nitairudisha wiki ijayo. Hizo nyingine tutaona. Mwambie Mbuthia pole."

"Anasikia."

"Pole, Baba Shiru."

"Haina neno, Mama Neema," akasema Mbuthia, akaenda kunawa mikono kwenye ile chupa ya soda. Ndiyo, ileile.

Vani moja kati ya tatu. Makala yangu ilizitoa zote kwa asubuhi moja, na msamaha wangu umerudisha moja, kwa ahadi. Zamani nilipokuwa mwalimu, niliwaambia wanafunzi wangu wa historia kwamba neno lililoandikwa lina nguvu. Sikuwaambia kwamba nguvu hiyo hupungua sana neno linapotumwa kurekebisha lililoharibu.

Nilipotaka kuondoka, Mbuthia alifungua boneti yangu bila kuombwa. Akaitazama manifoldi iliyochunika, akasonya. Akasema itabidi ifunguliwe tena, ikwanguliwe tena, gasketi mpya, kila kitu tangu mwanzo, na atanipa mimi brashi ya waya niikwangue mwenyewe, maana mikono yangu inaonekana haina kazi. Otieno akasema atakuja kuuza tikiti.

Kisha tutaiivisha pamoja. Dakika kumi, kupoa, dakika ishirini, kupoa, nusu saa. Ni karibu siku nzima ya kukaa juu ya matairi ya zamani na mtu uliyemharibia jina, injini ikinguruma, huku wateja wanaopita wakikutazama. Nimewahi kukaa kwenye mijadala ya televisheni na watu wanaonichukia, na sikuiogopa kama ninavyoiogopa siku hii.

Makala ya "Rangi ya Siku Nane" sitaifuta. Kuifuta ni kupaka injini rangi kabla ya kuuza. Nimeiwekea juu yake haya ninayoandika sasa, mahali palepale, kwa herufi za ukubwa uleule, ili atakayekuja kwa hamu ya ugomvi aanze na hili.

Basi: kontena ya bluu, Dagoretti Corner, chini ya mkaratusi ulioinama. Fundi ni Mbuthia, mwenye kofia ya sufu. Alichagua rangi sahihi, aliosha chuma sawasawa, na alipuliza vizuri. Mimi niliipangusa kwa mafuta taa, na aliponiuliza nilimdanganya, kisha nikamwandika vibaya mbele ya watu wote. Shiru, kama unamsomea baba yako hii, jibu la swali lako ni hapana. Hajawahi kunipaka silva.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa pale. Nimeshatoa thina, msasa na vitambaa vitatu vipya vyeupe, nimevipanga mlangoni. Mbuthia atakwenda kunywa chai, maana hakosi. Akirudi ataniuliza kama nimeshika kitu.

Nitamjibu.